Namna ya Kupita kwenye Mataa na Alama ya STOP Jijini Dar es Salaam

Kila mwenye leseni anajua kwamba nyekundu ni kusimama na kijani ni kwenda. Kinachomtatiza dereva mgeni wa Dar es Salaam ni yale yanayotokea kati ya rangi hizo mbili, wakati bodaboda zimekwisha kujipenyeza mbele yake, daladala inatanua upande wa kushoto, na honi zinalia nyuma kabla hata taa haijabadilika.

Anza na njano. Katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo kwenye maeneo ya makazi, gari husafiri karibu mita 14 kila sekunde. Dereva makini huhitaji takriban sekunde moja ili aione taa na kukanyaga breki, kisha gari huhitaji mita nyingine 14 hivi kusimama kwenye lami kavu, jambo linalofanya jumla kufikia mita 28, yaani urefu wa magari madogo sita. Kwa hiyo, unapoyakaribia mataa yaliyo kijani, chagua kwa macho nguzo au kitu chochote kilicho umbali huo kutoka kwenye mstari, na uamue mapema kwamba njano ikiwaka kabla hujakifikia utasimama, na ikiwaka baada ya hapo utaendelea kwa mwendo uleule bila kukanyaga mafuta. Lami ikiwa imelowa, chagua kitu kilicho mbali zaidi. Tazama pia kioo cha ndani, kwa sababu dereva wa daladala aliye nyuma yako huenda amekwisha kuamua, bila kukushauri, kwamba mtapita wote wawili.

Kijani kinapowaka, usiondoke papo hapo. Kwa kuwa tunaendesha kushoto, gari linaloweza kukugonga kwanza hutoka kulia. Tazama kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena, halafu uondoke. Honi za nyuma zisikuharakishe, kwani anayepiga honi haoni pikipiki inayomalizia kukatiza mbele yako.

Jambo ambalo madereva wengi hawalihesabu kuwa kosa, na ambalo kwa maoni yangu huharibu foleni kuliko hata kupita taa nyekundu, ni kuingia kwenye makutano wakati upande wa pili hauna nafasi. Gari moja likibaki katikati, wenye zamu inayofuata hushindwa kupita, nao huanza kuchomekea, na hatimaye trafiki hulazimika kuingia barabarani kuongoza kwa mkono. Hata kama taa ni ya kijani, subiri nyuma ya mstari mpaka uione nafasi ya gari lako zima ng'ambo ya makutano. Trafiki akiwapo, mfuate yeye na uache taa.

Kwenye Barabara ya Morogoro kuna tahadhari ya ziada, kwa kuwa tangu mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi hupita katikati ya barabara. Anayekata kulia anavuka njia ya mabasi hayo, ambayo yanaweza kutokea nyuma yake, upande wake wa kulia, yakiwa na ruhusa ya kwenda moja kwa moja. Magomeni, inapokutana na Barabara ya Kawawa, yako pia mabasi yanayokata kwenda kituo cha Morocco. Subiri taa inayohusu njia yako, wala usiondoke kwa kuwa tu umeona basi limeondoka.

Alama ya STOP, ile nyekundu yenye pembe nane, haina mjadala: magurudumu yasimame kabisa. Wengi hupunguza mwendo tu na kuchungulia, kana kwamba ni ile pembetatu ya kutoa nafasi. Simama kwenye mstari. Ukuta au kibanda kikikuzuia kuona, sogea taratibu na usimame tena pale unapoona vizuri. Ukitaka kwenda moja kwa moja, usiwashe indiketa yoyote. Wapo wanaowasha hazadi, yaani indiketa zote kwa pamoja, kuonyesha kwamba wananyoosha, lakini aliye upande wako wa kushoto huenda akaiona indiketa ya upande huo pekee, akadhani unakata kwenda kwake, akaingia barabarani.

Umeme ukikatika na mataa yakazimika, ichukulie kila njia kuwa ina alama ya STOP, hata kama wewe uko kwenye barabara kubwa, na pita baada ya kuhakikisha kwamba wengine wamekuona na wamesimama.

Usiku wa manane wengine hupita taa nyekundu kwa kuogopa vibaka. Hofu hiyo ina msingi, ila ipo njia nzuri zaidi: funga milango na vioo, na ukiiona nyekundu kwa mbali ondoa mguu kwenye mafuta mapema, gari litambae, ili mara nyingi ufike kwenye mstari wakati kijani kinawaka.