Mbwa Anayekimbiza Pikipiki: Namna ya Kumwachisha

Tangu lami ifike Urambo, kaya nyingi za wafugaji zilizokuwa kando ya njia ya vumbi zimejikuta kando ya barabara ya mwendo kasi. Mbwa hawakupewa taarifa. Wale wale wanaolinda zizi dhidi ya fisi usiku, mchana hutoka mbio kumvamia bodaboda aliyepakia abiria wawili na kiroba cha mahindi. Akikwepa anaanguka, asipokwepa, mbwa anaishia chini ya tairi. Msimu wa soko la tumbaku, malori yanapopishana kutwa, ndiyo mbaya zaidi.

Wapo wanaoifurahia tabia hii wakidai mbwa mkali ndiye mlinzi. Mara nyingi huo si ukali. Mbwa ana silika ya kukimbiza kinachokimbia, awe sungura au gurudumu. Tena hebu itazame pikipiki kwa macho yake: inakuja, anabweka, anaifuata, inatokomea. Kwa hesabu yake, kaifukuza. Kila chombo kinachopita kinampa ushindi wa bure, ndiyo maana kumfokea kutoka barazani hakubadilishi kitu. Kazi ya kwanza ni kumnyima huo ushindi.

Kwa wiki za mwanzo, basi, asifike barabarani peke yake hata mara moja. Uzio wa minyaa uliosongamana unafaa sana kwa sababu unamzuia na pia unamficha asiione barabara (unapopanda, angalia utomvu wake usikuingie machoni). Kama huna uzio, mfunge nyuma ya nyumba, kivulini, maji yakiwa karibu, kwa zile saa ambazo magari ni mengi. Usimfunge kutwa nzima. Mbwa aliyeshinda kwenye mnyororo hutoka na nguvu zote za siku, na hizo atazimalizia kwenye pikipiki ya kwanza. Aende malishoni na ng'ombe, achoke.

Mafunzo yenyewe hayataki gharama. Tafuta mkanda mpana wa shingoni, unaobakiza nafasi ya vidole viwili, na kamba nene ya meta tatu hivi isiyokukata kiganja. Mfukoni weka dagaa wakavu wa Kigoma waliokatwa vipande vidogo. Harufu yao inamgeuza shingo hata mbwa aliyeshiba. Anzia uani pasipo na gari. Ita jina lake, akikugeukia tu mpe kipande hapo hapo. Rudia siku kadhaa, mpaka ukiita anageuka bila kufikiri.

Sasa msogeze upande wa barabara, lakini mbali. Wengine watatulia meta 30 kutoka kwenye lami, wengine hata 60 ni karibu mno. Kipimo ni kwamba anaiona pikipiki na bado anakusikia. Mwangalie yeye, usiangalie barabara. Kabla ya kuchomoka mbwa hukakamaa: masikio yanasimama mbele, kichwa kinashuka, macho yanaganda, mkia unakuwa mgumu. Hapo ndipo pa kuita jina, kugeuka naye na kumpa dagaa. Ukichelewa, akaanza kuruka na kubweka, usivutane naye. Ondoka naye, na kesho anzia mbali zaidi.

Tangulia na baiskeli, kisha bodaboda, malori yawe ya mwisho. Kwa bodaboda, zungumza na kijana wa kijiweni anayekujua. Apite polepole, asimame mbele ya mbwa, azime injini. Mbwa wengi hapo huduwaa, maana kitu walichozoea kukitimua kimegoma kukimbia. Hata dereva asiye na habari na mafunzo haya, kupunguza mwendo kunamsaidia kuliko kurusha teke.

Dakika 10 asubuhi na 10 jioni zinatosha. Nyumba nzima itumie neno moja, mfano "Acha!". Watoto wanaomchochea kwa "Kamata!" kila baiskeli ikipita wataubomoa mwezi wako kwa alasiri moja, kwa hiyo wao ndio wa kuongea nao kwanza. Aliye na mbwa mdogo ana bahati: amzoeze mapema kukaa kando yake vyombo vikipita, tabia isianze kabisa.

Fimbo iache. Ukimchapa akirudi kutoka barabarani, anachojifunza ni kwamba kurudi kwako kuna kipigo, na kesho hatarudi ukimwita. Kumning'iniza gogo shingoni kunamuumiza miguu, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama bila sababu. Wala usihofu kwamba atapoteza ulinzi. Umemfundisha kuacha barabara. Fisi akija zizini atambwekea kama kawaida.

Lakini mbwa aliyekuwa mtulivu, kisha ghafla akaanza kuvamia chochote, anatoka udenda au anayumba, huyo si wa mafunzo. Kaa mbali naye, mwite afisa mifugo wa kata, kwani huenda ni kichaa cha mbwa. Chanjo yake ni ya kila mwaka, na mbwa anayekaribiana na wapita njia asiikose. Akimng'ata mtu, hata kidogo kwenye kifundo cha mguu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.