Mvua za kwanza zisikuponze, mfugaji

Wafugaji wenzangu wa Nachingwea na Masasi, mwisho huu wa Novemba ng'ombe wamekonda, mbavu zinahesabika. Ikinyesha mvua ya kwanza majani yanachipua haraka, na mtu anafungua zizi kwa furaha. Subiri kidogo. Majani machanga yana maji mengi na nyuzi chache. Ng'ombe mwenye njaa akiyafakamia anaharisha maji, au tumbo linajaa gesi. Mwangalie ubavu wa kushoto, nyuma ya mbavu za mwisho: ukivimba na kukaza kama ngoma, mwite mtaalamu wa mifugo saa hiyohiyo.

Mimi asubuhi nawapa kwanza mabua ya mahindi au majani makavu ya karanga yaliyobaki darini. Umande ukikauka ndipo wanatoka, saa moja au mbili tu siku za mwanzo, kisha naongeza taratibu kwa wiki mbili hivi. Mwenye mikorosho asiwaache wajishindilie mabibo yaliyoanza kuchacha.

Na kupe wanaamka na mvua hizohizo. Kagua ndani ya masikio na chini ya mkia kila jioni, hasa ndama. Ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe, huanzia hapo.