Uzime Muziki wa Gemu au Uuache? Hatua Ninazofuata Kibandani

Nina kibanda cha gemu hapa Majengo: televisheni nne, pedi nane za kuchezea, na mbili kati ya hizo pedi zina ugonjwa wa kwenda kushoto zenyewe. Baada ya "zamu yangu lini?", swali ninaloulizwa sana ni hili: "Kaka, naweza kutia ngoma zangu?" Zamani nilikuwa nikijibu ndiyo, yaishe. Siku hizi nauliza kwanza: unacheza gemu gani?

Hatua ya 1: Cheza saa moja bila kugusa chochote

Usizime kitu ambacho hujakijua. Wengi hudhani muziki wa gemu ni pambo, kama maua ya plastiki sebuleni, kumbe mara nyingi ni habari unayoletewa. Tazama Space Invaders ya 1978. Muziki wake ni noti nne tu zinazoshuka na kurudi, lakini kadiri maadui wanavyozidi kuharakisha ndivyo noti nazo zinavyokimbia. Masikio yanajua umebanwa kabla macho hayajajua. Super Mario Bros. ya 1985 ikaendeleza mchezo huo: muda ukishuka chini ya 100, wimbo unaanza kwenda mbio na mikono yako inaanza kutoa jasho. Katika Left 4 Dead ya 2008, mazimwi makubwa yana miziki yao. Mzoefu hujua kinachokuja kikiwa bado nyuma ya ukuta. Sasa wewe ukitandaza muziki wa bango juu ya hayo yote, umejiziba masikio na kulipia juu.

Katika saa hiyo sikiliza mambo mawili. Je, muziki unabadilika adui akikaribia? Unabadilika ukiingia mahali papya? Ikiwa ndiyo, uache. Ikiwa ni kibao kilekile kinachozunguka tu kama tuktuk inayosaka abiria, uko huru.

Kuna sababu nyingine ya kusubiri, nayo haina uhusiano na kushinda. Kwenye kompyuta kuukuu iliyo pembeni nina Civilization IV ya 2005. Kijana mmoja alikuja na simu yake na waya tayari mkononi, gemu ikafunguka, na pale kwenye menyu kwaya ikaanza kuimba Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Ni "Baba Yetu" ya Christopher Tin, kazi ya kwanza iliyotungiwa gemu kushinda tuzo ya Grammy, mwaka 2011. Yule kijana wa madrasa alisimama na waya wake akisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama hao waimbaji ni wa mtaa wa Kisauni.

Hatua ya 2: Zima muziki, usizime sauti

Hapa ndipo watu wanapopotea. Mtu ananyamazisha televisheni nzima, anafungulia simu, halafu analalamika kwamba gemu imekuwa ngumu. Muziki ni kitu kimoja, na milio ya hatua, milango, risasi na filimbi ni kitu kingine. Karibu kila gemu ya leo inavitenganisha. Ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya sauti, shusha mstari wa muziki hadi sifuri na uiache mingine.

Minecraft, gemu ya kujenga, ndiyo mwalimu mzuri wa somo hili. Muziki una mstari wake, mvua na radi zina wake, viumbe maadui wana wao. Muziki wenyewe hupiga kidogo kisha hunyamaza kwa dakika nyingi, kwa hiyo ukiuondoa hupotezi sana. Lakini ukimnyamazisha Creeper, yule adui wa kijani anayelipuka, anayefanya "sssss" nyuma ya mgongo wako, nyumba uliyojenga tangu Jumamosi inaruka hewani.

Kwa wapenzi wa kandanda, kazi ni nyepesi. Kwenye EA Sports FC nyimbo hupigwa zaidi kwenye menyu, si mechi ikiendelea. Zima muziki, punguza watangazaji kama wamekuchosha (mimi walinichosha zamani), bakisha mashabiki na refa.

Hatua ya 3: Ingiza nyimbo zako

Kwenye PS4 (mashine ya PlayStation 4), chukua flashi yenye mfumo wa kuhifadhi faili wa FAT32 au exFAT. Tengeneza folda iitwe Music, herufi kwa herufi, isiwe ndani ya folda nyingine. Tia MP3 zako humo, chomeka, kisha fungua programu ya USB Music Player. Gemu ikiwa inaendelea, bonyeza kitufe cha PS na ukishikilie: menyu ya pembeni itakuja, na humo utaudhibiti wimbo bila kutoka kwenye gemu. Flashi ikikataa kusomwa, mara nyingi kosa ni jina la folda.

Kwenye kompyuta, GTA V (Grand Theft Auto, gemu ya magari na uhalifu) ina njia tamu zaidi. Fungua Documents, kisha Rockstar Games, kisha GTA V, na uweke nyimbo kwenye folda ya User Music. Ndani ya gemu nenda kwenye mipangilio ya sauti uiamuru izitafute, na redio mpya iitwayo Self Radio itatokea garini. GTA San Andreas nayo ina folda yake, User Tracks. Ninachokipenda hapa ni kwamba wimbo unakaa ndani ya gari. Ni kama matatu: ukishuka, ngoma inabaki nayo, na wewe unasikia barabara.

Simuni, anzisha wimbo kwanza, kisha fungua gemu. Gemu nyingine zitaukata. Rudi hatua ya 2, zima muziki wa gemu, ujaribu tena.

Hatua ya 4: Chagua wimbo kulingana na kazi

Gemu yenye hadithi na maandishi ya kusoma haitaki wimbo wenye maneno. Taarab ndiyo mbaya kuliko zote kwa hili, nami nasema hivyo kwa mapenzi: mafumbo yake yanataka akili nzima, na mhusika kwenye kioo naye anataka akili nzima. Utamaliza ukiwa hujui nani kamuua nani wala shairi lilimsema jirani gani. Udi mtupu bila mwimbaji, sawa.

Gemu za risasi zinaogopa besi. Besi nzito humeza milio midogo, na nyayo za adui ni mlio mdogo. Mbio za magari, kulima shamba, kukusanya mawe ya kujengea, hapo tia chochote roho inachotaka.

Hatua ya 5: Pima sauti

Panga gemu kwanza mpaka usikie vizuri, halafu pandisha wimbo polepole kutoka sifuri. Ukifika mahali ambapo huzisikii nyayo zako mwenyewe, rudi nyuma kidogo. Watu wengi hufanya kinyume, wakaishia na makelele mawili yanayoshindana.

Tena tumia hedifoni za waya. Za Bluetooth huchelewesha sauti, na ukiwasha maiki ubora unashuka mpaka unasikia kama simu ya zamani. Mteja wangu mmoja wa Call of Duty Mobile, gemu ya risasi ya kwenye simu, alikuwa akiapa kwamba wapinzani wanaiba. Nilimpa waya wa shilingi 150. Kumbe hatua za adui zilikuwa zikimfikia baada ya risasi.

Na muadhini akiita, kila spika hapa inashuka, iwe ya gemu au yako. Hiyo haina mipangilio.

Hatua ya 6: Kama unarekodi

Ukitaka kupandisha video YouTube, acha nyimbo za wenyewe. Mfumo wa YouTube unazitambua, na mapato ya video yanaweza kwenda kwa mwenye wimbo, au video ikazuiwa. Hata nyimbo zilizomo ndani ya gemu zinaweza kukuponza. Cyberpunk 2077 imeweka swichi ya kuzima zile zenye haki miliki, iwashe kabla hujaanza kurekodi. Ukishasahau, muziki na sauti yako vimeshaungana kwenye faili moja, na kuvitenganisha ni kazi ya usiku kucha. Nimeshaifanya mara moja, kwa clip ya dakika 4.