Kupiga picha za yangeyange bila kuunguza weupe wao

Wiki iliyopita nilikuwa na kijana mmoja kwenye majaruba ya Ubaruku, wilayani Mbarali, akijifunza kupiga picha za yangeyange wanaofuata pawatila shamba linapolimwa. Kosa alilolifanya ndilo lililowahi kunipotezea asubuhi nzima, kwa hiyo nimeona niuandike utaratibu ninaoutumia.

Hatua ya kwanza: fika jua linapochomoza, uligeuzie mgongo, na uiweke kamera ihifadhi faili ghafi (RAW), yaani picha ambayo kamera haijaichakata.

Hatua ya pili ni mwanga, na hapa usiwe na haraka. Kipimo cha mwanga cha kamera hakijui kwamba kinatazama ndege mweupe. Hukichukulia kila kilicho mbele yake kuwa cha kijivu cha wastani. Yangeyange akisimama peke yake kwenye tope jeusi, kipimo huona giza, huongeza mwanga, na ndege huungua akawa kama karatasi. Akisogea hata akaijaza fremu, kipimo huona weupe mwingi, hupunguza mwanga, na ndege yuleyule hutoka wa kijivu. Ndiyo maana simshauri mtu ategemee kitufe cha + na −, kile cha kuongeza au kupunguza mwanga ambao kamera imeuchagua, kwa kuwa marekebisho yanageuka kila ndege anapohama, naye hatakusubiri upige hesabu.

Tumia M, hali ambayo unaweka mwanga wewe mwenyewe, si kamera. Jua linalomwangukia ndege ni lilelile, awe kwenye tope au kwenye mpunga. Anza na tundu la lenzi la f/8, wepesi wa kuhisi mwanga wa ISO 400 na kasi ya shata ya 1/2000 ya sekunde. Jua likiwa kali, nenda 1/3200. Piga picha moja ya majaribio, kisha ufungue histogramu, ile grafu inayoonyesha giza kushoto na weupe kulia: mlima wa kulia uukaribie ukingo bila kuugonga. Ndege akiwa mdogo kwenye fremu, mlima huo huwa mstari mwembamba ambao ni rahisi kuupita bila kuuona, kwa hiyo washa pia tahadhari ya sehemu zilizoungua, ile inayopepesa kwenye skrini. Ikipepesa kifuani, ongeza kasi kidogo kidogo mpaka ikome. Wingu likilifunika jua, pima upya.

Usiuamini kamwe mng'ao wa skrini ukiwa juani. Asubuhi ile niliyoipoteza, picha zilionekana za giza kwenye skrini, nikaongeza mwanga. Nilipozifungua nyumbani, vifua vyote vilikuwa vyeupe tupu, bila unyoya hata mmoja unaoonekana, na hakuna programu inayorudisha kilichoungua kiasi hicho.

Hatua ya tatu ni mpangilio wa fremu. Chuchumaa kwenye tuta mpaka lenzi iwe usawa wa jicho la ndege, fokasi iwe kwenye jicho hilo, na uache nafasi upande anakotazama. Nyuma yake napendelea tope lililolowa au kivuli cha miti kuliko anga, kwa sababu anga la mawingu huimeza mistari ya mgongo na shingo. Sogea wewe, hatua mbili tatu, mpaka weusi uwe nyuma ya kichwa.

Kisha vuta picha kwenye skrini utazame kifua. Msimu wa kuzaliana yangeyange huwa na manyoya ya rangi ya kaki utosini, kifuani na mgongoni. Mwanga ukiwa sawa, utaiona kaki hiyo ikififia taratibu kuingia kwenye weupe, na kivuli chembamba kati ya unyoya na unyoya.