Kuchagua ukumbi wa mkutano Uganda: usalama wa wageni wa makundi madogo

Anzeni na sheria, bei baadaye. Sheria ya Kupinga Ushoga ya 2023 ingali hai. Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu vichache tu, kikiwemo kilichowabana wenye majengo. Kosa la "kuhamasisha" ushoga bado linaweza kumpeleka mtu jela miaka 20. Anayeguswa aelezwe hayo kabla hajakata tiketi, na awe na nafasi ya kushiriki kwa mtandao bila kuulizwa sababu. Kuna mikutano ambayo ni heri ihamie nchi nyingine.

Fomu ya kujiandikisha isiulize dini, kabila wala afya pasipo haja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka mkusanye kinachohitajika tu. Majina yasibandikwe mlangoni. Meneja akiyaomba "kwa ajili ya walinzi", mpeni idadi.

Kisha nendeni ukumbini na futi ya kupimia. Njia ya kiti cha magurudumu huhitaji sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kupanda: ngazi za sentimita 45 zinadai mita 5.4. Ubao mfupi ulioegeshwa asubuhi ya mkutano huteleza, na mtu huanguka. Milango isipungue upana wa sentimita 80. Wa choo ndio unaosahaulika, kwa hiyo upimeni wenyewe. Wenye ualbino wapewe viti vya mbele, mbali na jua la dirishani. Chakula cha halali kipikwe katika vyombo vyake.