Kukadiria gesijoto za mradi wa usafiri: anza na abiria, siyo basi

Ukipewa kazi ya kukadiria gesijoto za mradi wa usafiri, yaani gesi zinazoongeza joto duniani, kitu cha kwanza utakachokabidhiwa ni karatasi za basi: injini, aina ya mafuta, kiwango cha moshi. Zipokee, shukuru, ziweke pembeni. Utazihitaji, ila jibu haliko humo.

Nitatumia mfano wa mabasi yaendayo haraka, kwa kuwa Dar es Salaam tunayo tangu Mei 2016 na wengi mnaijua mwendokasi hata kama hamjawahi kuipanda. Vizidishio vya mafuta hapa chini, yaani namba za kugeuza mafuta kuwa gesi, vimetokana na mwongozo wa 2006 wa IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi. Namba za njia yenyewe, yaani idadi ya magari, abiria na kilomita, nimezitunga ili ziwe rahisi kuzidisha. Msizinukuu popote.

Hatua ya 1: Chora mpaka

Amua unahesabu nini, kisha uandike. Je, ni moshi wa bomba la gari tu, au pamoja na uchimbaji, usafishaji na usafirishaji wa mafuta? Ni barabara moja au jiji zima? Ni miaka mingapi? Mpaka wowote unakubalika mradi pande mbili zipimwe kwa mpaka huohuo: hali yenye mradi na hali ambayo ingekuwepo bila mradi. Hapa nitahesabu moshi wa bomba tu.

Hatua ya 2: Tafuta lita

Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.68 za hewa ya ukaa. Petroli ni kama kilo 2.27. Hiyo ni kemia, haibishaniwi. Kazi ni kuzipata lita.

Dereva wa daladala hafikirii kwa lita, anafikiria kwa shilingi. Atakwambia anaweka mafuta ya kiasi gani asubuhi na kiasi gani mchana, na hesabu ya tajiri ni ngapi. Gawanya kwa bei ya pampu ya siku hiyo, uwe na lita. Kilomita nazo usizitafute kwenye dashibodi, nyingi zimekufa zamani. Panda gari na simu yenye GPS, pima tripu moja, halafu mwulize konda wanapiga tripu ngapi. Konda anajua, kwa sababu ndizo anazolipwa nazo. Jitambulishe mapema, la sivyo watakudhani mtu wa kodi na namba zote zitashuka.

Ukiweza, chagua magari machache ufanye kipimo cha tanki: jaza hadi juu, yafanye kazi siku nzima, yajaze tena kwenye pampu ileile. Siku mbili za namna hii nazithamini kuliko jedwali la mtengenezaji, ambalo halijui foleni ya Ubungo.

Gari la gesi asilia lina mtego wake. Kwa kila kizio cha nishati, hewa ya ukaa yake ni pungufu kuliko ya dizeli, lakini methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi hiyo na ni gesijoto kali kuliko hewa ya ukaa, huvuja bila kuungua. Kizidishio cha kawaida cha IPCC ni kilo 92 za methani kwa terajuli moja (kipimo cha nishati) ya gesi, dhidi ya kilo 3.9 kwa dizeli. Ukiisahau methani, unafuta sehemu ya tatizo kwa kalamu.

Hatua ya 3: Hesabu vichwa

Simama kando ya barabara na karatasi yenye safu nne: viti wazi, level siti (viti vimejaa, hakuna aliyesimama), wamesimama, wananing'inia mlangoni. Kila gari likipita, weka alama. Fanya hivyo asubuhi, saa saba mchana, jioni na usiku, na pande zote mbili.

Hapo kwenye pande zote mbili nina kovu. Kwenye mradi mmoja nilihesabu asubuhi tu, magari yakielekea mjini, nikapata wastani wa abiria karibu 40. Sikukumbuka kwamba gari hilohilo linarudi na abiria sita. Hesabu yote ilibidi irudiwe, na safari hii kwa fedha yangu.

Hatua ya 4: Pata gramu kwa kila abiria kwa kila kilomita

Tuseme njia yetu ina daladala 300. Kila moja inakwenda kilomita 160 kwa siku, inakula lita 20 kwa kilomita 100, na ina wastani wa abiria 20. Hizo ni lita 9,600 kwa siku, sawa na tani 25.7 za hewa ya ukaa. Zinabeba abiria 120,000, kila mmoja kwa wastani wa kilomita 8. Gawanya: gramu 26.8 kwa abiria kwa kilomita.

Mradi unaleta mabasi marefu 100, kila moja kilomita 200 kwa siku, lita 50 kwa kilomita 100. Lita 10,000, tani 26.8 kwa siku.

Sasa linganisha jumla kwa jumla: tani 25.7 za daladala, tani 26.8 za mradi. Mradi umeongeza uchafuzi! Nimeona mtu akikunja faili hapo. Lakini mabasi haya yanabeba abiria 200,000, siyo 120,000. Kwa kila abiria kwa kila kilomita ni gramu 16.75 tu. Hao 80,000 wa ziada wametoka wapi?

Hatua ya 5: Uliza swali moja, uliulize vizuri

TransMilenio, mfumo wa mabasi yaendayo haraka wa Bogotá, Colombia, ulipoandikishwa mwaka 2006 kwenye soko la kaboni la Umoja wa Mataifa, ambako tani zilizookolewa huuzwa, njia yake ya hesabu ilisimama juu ya dodoso la abiria. Hadi leo sijaona njia bora zaidi.

Usiulize "zamani ulikuwa unapanda nini?" Aliyehamia jijini mwaka jana hana zamani. Uliza: "Leo hii, kama basi hili lisingekuwepo, ungefikaje unakokwenda? Au usingekwenda kabisa?" Hilo "usingekwenda" lazima liwemo. Safari mpya inaongeza moshi upande wa mradi, na upande wa bila mradi ni sifuri.

Kisha fuatilia. Anayejibu "gari langu" mwulize gari hilo leo liko wapi. Kama kijana wake ndiye anaendesha, hakuna lita iliyookolewa. Na watu wana haya zao: ni wachache watakaokiri mbele ya jirani wa kiti kwamba wangetembea kwa miguu. Uliza pia amefikaje kituoni. Aliyeletwa Kimara na bodaboda, moshi wa bodaboda hiyo uko upande wa mradi.

Hatua ya 6: Jumlisha

Tuseme katika kila abiria 100, 60 wangepanda daladala, 15 bodaboda, 5 gari binafsi, 10 wangetembea, 10 wasingekwenda. Ili hesabu iwe fupi, wote wawe na kilomita 8.

Daladala: tani 25.7 zilezile. Bodaboda ikila lita 2.5 kwa kilomita 100 hutoa gramu 57 kwa kilomita. Ongeza nusu kilomita ya kurudi tupu kwa kila kilomita yenye abiria, unafika gramu 85. Kwa abiria 30,000 ni tani 20.4. Tazama vizuri: watu 15 kati ya 100, moshi wao unakaribia wa daladala zote. Gari binafsi, lita 12 kwa kilomita 100 na watu 1.6 ndani, ni gramu 170, jumla tani 13.6. Bila mradi tungekuwa na tani 59.7. Toa 26.8: tumeokoa tani 32.9 kwa siku.

Badilisha majibu ya dodoso tu. Bodaboda wawe 5, magari binafsi 1, waliobaki watembee au wasiende. Tani 32.9 zinageuka 8.4. Basi ni lilelile, mafuta ni yaleyale.

Hatua ya 7: Zifuate daladala

Daladala zikiondolewa kwenye njia hazichomwi moto. Mwendokasi ilipoanza, za Barabara ya Morogoro zilipangiwa njia nyingine. Kama 100 kati ya 300 zetu zimekwenda kugombania abiria walewale wa njia ya pili, bila kubeba mtu wa ziada, zinatoa tani 8.6 kwa siku. Rudi kwenye zile tani 8.4 utazame kilichobaki.

Kwa hiyo usikubali kuambiwa "zitaondolewa". Omba orodha ya leseni za njia, au nenda ukazihesabu kwenye stendi mpya.

Hatua ya 8: Zege na miaka

Tani moja ya klinka, malighafi kuu ya saruji, hutoa takriban tani 0.52 za hewa ya ukaa kutokana na mawe ya chokaa pekee, kabla ya moto wa tanuri. Njia za zege zina deni, ligawanye kwa miaka ya uhai wa mradi.

Wala usiigandishe hali ya bila mradi. Bodaboda za umeme zikizidi, zile gramu 85 zitashuka, na tani ulizookoa mwaka wa kwanza hutazipata mwaka wa kumi. Weka safu ya kila mwaka kwenye Excel, na dodoso lirudiwe baada ya miaka michache.

Ripoti yako itoe namba tatu: ya juu, ya kati, ya chini. Mteja atataka moja. Mpe ya chini.