Umefanya kazi Texas hujalipwa? Jaza notisi ya lieni hivi

Mafundi wenzangu wa vigae, jipsamu na rangi huku Texas, hii ni ya nyie mnaoambiwa "wiki ijayo" kila wiki. Lieni ni dai linaloandikishwa kaunti juu ya jengo lenyewe ulilofanyia kazi, na likishakaa pale mwenye jengo akitaka kuuza au kukopa benki linamkaba. Mimi sio mwanasheria, ni fundi vigae tu, ila fomu hizi nimejaza nyingi na moja iliniumiza.

Kwanza usitumie sheria ya jimbo la mwenzio. Florida fundi wa chini (aliyeajiriwa na kontrakta, sio na mwenye jengo) ana siku 45 tangu aanze kazi kumpa mwenye jengo notisi, yaani taarifa ya maandishi, halafu siku 90 tangu siku ya mwisho kuandikisha lieni. Ohio kwa nyumba ya familia moja au mbili ni siku 60. Texas kwa notisi na kuandikisha lieni haihesabu siku, inahesabu miezi na mwisho unaangukia tarehe 15. Mshkaji wangu wa Florida aliniambia "kaka una siku 90, tulia", basi nikatulia, bafu nimemaliza tarehe 28 Februari, nadai dola 3,800, naenda kaunti tarehe 27 Mei najiona nimewahi. Mwisho ulikuwa 15 Mei. Na notisi yenyewe ilitakiwa itoke kabla ya tarehe 15 Aprili kupita, sikutuma kabisa. Hela ile imeenda hivyo.

Hatua ya 1, jua ni jengo gani. Nyumba ya mtu ya kuishi ina muda mfupi, jengo la biashara muda mrefu kidogo. Shule au jengo lolote la serikali huweki lieni, huko unadai kwenye bondi ya malipo, yaani dhamana iliyowekwa kwa ajili ya kuwalipa mafundi. Na nyumba anayoishi mwenyewe na familia yake ni ngumu zaidi: mkataba wake na kontrakta lazima uwe wa maandishi, umesainiwa kabla kazi haijaanza, mume na mke wote kama wameoana, na umeandikishwa kaunti. Uliza hilo siku ya kwanza, usisubiri ugomvi.

Hatua ya 2, notisi. Hii ni kwa wewe uliyeajiriwa na kontrakta, sio na mwenye jengo. Umefanya kazi Machi hujalipwa? Nyumba ya kuishi mwisho 15 Mei, biashara mwisho 15 Juni. Mwezi mwingine usiolipwa nao una hesabu yake. Tangu 2022 sheria ina fomu yake maalum, tumia hiyo hiyo usitunge barua. Unajaza tarehe, anwani ya mradi, jina lako na mawasiliano, kazi gani (andika "kuweka vigae bafuni, ufundi na gundi", sio "kazi" tu, ila kwa Kiingereza), kontrakta mkuu ni nani, nani alikuajiri kama sio yeye, na kiasi unachodai. Jina liwe lile la kampuni yako lililosajiliwa, sio la kwenye tisheti.

Tuma nakala kwa mwenye jengo NA kontrakta mkuu, kwa posta ya "certified mail" (barua inayofuatiliwa), risiti usitupe. Watu wanaidharau hii karatasi lakini kwangu ndio yenye nguvu kuliko zote, maana mwenye jengo akishaipata ana ruhusa ya kuzuia hela ya kontrakta mpaka wewe ueleweke, na ukiituma mapema hela bado ipo mkononi mwake. Ukichelewa keshamlipa kontrakta.

Hatua ya 3, bado kimya? Sasa ndio afidaviti ya lieni, yaani tamko la kiapo linaloandikishwa kaunti. Kazi ya mwisho Machi: nyumba ya kuishi 15 Juni, biashara 15 Julai. Humo unaapa mbele ya notari, unataja miezi uliyofanya kazi, tarehe ulizotuma notisi na ulitumaje, na maelezo ya kisheria ya kiwanja. Anwani ya mtaa isikutoshe, ingia tovuti ya wakadiriaji wa kodi ya majengo wa kaunti, tafuta nyumba, nakili loti, bloku na jina la eneo neno kwa neno. Halafu peleka kwa karani wa kaunti ambayo jengo lipo, sio unayoishi wewe. Ndani ya siku 5 nakala iende kwa mwenye jengo na kontrakta.

Hesabu usizitie chumvi jamani. Lieni ya uongo ya makusudi inaweza kukutoa dola 10,000 au zaidi.

Kama bado hawalipi, kesi unafungua ndani ya mwaka mmoja kuanzia ile siku ya mwisho ya kuandikisha. Hapo tafuta wakili kweli.

Na wakikuita uje usaini karatasi ya kuachia lieni, angalia ni ipi. Yenye masharti inasubiri cheki ipite, saini. Isiyo na masharti usiiguse mpaka uione hela kwenye akaunti, hata kama bosi anakuapia kwa mama yake.